Jinsi ya kutoa joto kwa hesabu ya stima ya nchi, kabla hujasema matumizi yamepanda

Kila mwaka ripoti za kawi zikitoka ni kelele tu, huyu anasema stima imepanda kwa hivyo uchumi unakua, yule anasema imeshuka kwa hivyo viwanda vinafunga, na hakuna hata mmoja anauliza huo mwaka ulikuwa na jua aje. Sasa mimi nataka nikuonyeshe venye unaweza kulitoa hilo joto kwa hesabu ndio ulinganishe mwaka na mwaka bila kudanganywa na hali ya hewa. Kompyuta ya kawaida na Excel inatosha, hata Google Sheets kwa simu ukiwa na subira.

Tuanze na friji za dada yangu, maana hapo ndio hii kitu ilinishika. Ana duka huku Kondele, Kisumu, anauza soda, maziwa, yoghati na maji baridi, friji ziko mbili, ile ya kioo ya kusimama na nyingine ya kulala. Mwaka jana mwezi wa pili akaanza kulia ati tokeni zinaisha mbio, mita imelogwa, ama kuna jirani amejiunganisha kwa waya wake usiku. Nikamwambia wewe soma mita kila asubuhi saa moja kabla hujafungua duka, uandike nyuma ya kalenda. Akaandika mpaka mwezi wa saba bila kuruka siku, huyo mama ana nidhamu kuliko maofisi mengi nimewahi kuona. Tulipokaa chini tukahesabu, mwezi wa pili alikuwa anakula kama yuniti saba kwa siku, mwezi wa saba yuniti sita. Mita haikuwa na makosa na jirani hakuwa mwizi. Mwezi wa pili Kisumu ni moto, friji inafanya kazi zaidi, halafu pia wateja wa soda baridi wanaongezeka, mlango unafunguliwa kila dakika mbili na kila chupa inayotoka inaingizwa nyingine ya moto kutoka kwa kreti. Hiyo sehemu ya mwisho ishike, tutairudia.

Ukiangalia jumla ya mwezi utapotea. Siku 28 mara 7 ni yuniti 196, siku 31 mara 6 ni 186, unaona tofauti ya yuniti kumi, asilimia tano na kitu, unasema aa hii si neno. Lakini kwa siku ni kutoka sita hadi saba, hiyo ni karibu asilimia 17. Kwa hivyo kitu ya kwanza kabisa kabla hata ya kugusa joto, gawanya kila mwezi kwa siku zake. Na 2024 ilikuwa na tarehe 29 Februari, hiyo siku moja pekee yake inapandisha mwezi kwa asilimia tatu na nusu hivi bila mtu yeyote kuwasha taa ya ziada, na nimeona watu wazima wakisherehekea hiyo asilimia.

Sasa kutoa joto ni nini hasa. Ni kujiuliza swali moja, je kama huo mwezi ungekuwa na hali ya hewa ya kawaida tungetumia stima ngapi? Unachukua matumizi halisi, unaongeza ama kupunguza kile ambacho jua ama baridi ilileta juu ya kawaida, unabaki na namba ya watu na viwanda. Wazungu wamefanya hii miaka mingi juu kwao ni lazima. Ufaransa nyumba nyingi zinapashwa moto kwa stima, na jioni ya msimu wa baridi joto likishuka digrii moja tu nchi nzima inaongeza kama megawati (MW) 2,400. Linganisha na sisi, mwezi wa pili 2025 kilele cha Kenya yote, yaani stima nyingi zaidi iliyotumika kwa wakati mmoja, kilikuwa karibu MW 2,300. Yaani Mfaransa akihisi baridi kidogo tu amemaliza stima ya Kenya nzima kutoka Lamu mpaka Busia. Kwao usipotoa joto namba zako hazina maana. Kwetu ni tofauti, na ndio maana huwezi kuchukua njia yao ukaibandika tu hapa, itabidi uishone upya.

Kifaa chenyewe kinaitwa digrii-siku. Kama umelima mahindi tayari unaijua, hujui tu kuwa unaijua. Mahindi ya Kitale yanakaa shambani miezi sita na zaidi, ya huku chini karibu na ziwa miezi mitatu minne unavuna, na sababu kubwa ni joto, mmea unakusanya joto kidogo kidogo kila siku mpaka utosheke, na kule juu kwa baridi unakusanya polepole. Na kweli hii hesabu ilianzia kwa kilimo kabla watu wa kawi hawajaichukua. Kwa stima unafanya hivi, unachagua joto la msingi, tuseme digrii 22. Siku ikiwa na wastani wa 25, hiyo ni digrii-siku 3 za joto. Siku ikiwa 22 ama chini, ni sifuri, haiendi chini ya sifuri. Unajumlisha mwezi mzima. Za baridi ni kinyume, unachagua msingi wa chini, tuseme 18, siku ikiwa 15 hiyo ni digrii-siku 3 za baridi, ikiwa 18 ama zaidi ni sifuri.

Hizo namba za msingi watu wamezozana nazo sana. Uingereza hutumia 15.5, Marekani hutumia 65 za Fahrenheit ambayo ni kama 18.3 ya kwetu, Eurostat wana sheria ya hatua mbili, kwa baridi siku isipofika chini ya 15 haihesabiwi kabisa lakini ikishuka unahesabu umbali wake mpaka 18, na kwa joto inaanza 24 halafu unahesabu kutoka 21. Ukiuliza mbona Mwingereza achukue 15.5 na anataka nyumba yake iwe karibu 19, jibu ni kuwa nyumba inajipasha yenyewe, watu wamo ndani, jiko linawaka, jua linaingia kwa dirisha, hizo digrii zingine hazilipiwi. Hakuna hata moja ya hizo namba imetengenezwa kwa ajili ya Kisumu ama Nakuru kwa hivyo usichukue yoyote kama Biblia. Tutatafuta yetu kwa data.

Na data sasa. Upande wa stima, ukipata ya kila siku ni baraka, ukikosa chukua ya mwezi. Lakini kuna mtego hapa umenasa wengi. Usitumie mauzo, tumia stima iliyoingia kwa gridi, yaani ule mtandao wa nyaya wa nchi. Sababu ni tokeni. Mtu ananunua tokeni ya elfu mbili tarehe 28 akipata mshahara halafu anaila mwezi unaofuata, kwa rekodi hiyo ni mauzo ya mwezi uliopita, na wale wa bili ya mwisho wa mwezi mita zao zinasomwa tarehe tofauti tofauti, kwa hivyo "mauzo ya Machi" ni mchanganyiko wa Februari na Machi na kidogo ya Aprili, ukiweka hiyo kando ya joto la Machi unalinganisha mbuzi na kivuli cha ng'ombe. Stima ya gridi inapimwa siku hiyo hiyo inapotoka mtamboni. Ubaya wake ni kuwa ndani yake kuna ile inayopotea njiani, na kwetu mwaka wa 2023/24 iliyopotea ilikuwa kama asilimia 23, si mchezo, lakini kwa kazi hii heri hiyo kuliko mauzo. Ukimaliza kupata athari ya joto kwa gridi ndio unaipeleka kwa mauzo ya mwaka.

Mwaka wenyewe pia angalia. Ripoti za EPRA, ile mamlaka ya kawi, na za wasambazaji zinafuata mwaka wa serikali, Julai mpaka Juni, wakati Economic Survey ya KNBS, wale watu wa takwimu za taifa, inaenda Januari mpaka Desemba. Julai ndio baridi yetu na Februari na Machi ndio joto, kwa hivyo hizo miaka mbili hazina hali ya hewa sawa hata kama jina la mwaka ni moja. Chagua moja ukae nayo.

Upande wa joto, idara ya hali ya hewa iko na vituo Kisumu, Nakuru, Kericho, Kakamega, Eldoret, Kitale na kwingine. Unataka joto la juu na la chini la kila siku, unajumlisha unagawa kwa mbili, hapo una wastani wa siku. Kama huwezi kupata, NASA wana data yao ya POWER, bure kabisa, unaweka latitudo na longitudo unapata joto la kila siku kurudi nyuma mpaka miaka ya themanini. Kisumu weka -0.1 na 34.75, Nakuru -0.3 na 36.07. Lakini tahadhari, hiyo data inakuja kwa miraba mikubwa, kama kilomita 55 kwa 70, na mraba wa Kisumu unaweza kumeza ziwa na milima ya Nandi pamoja, wa Nakuru unameza Menengai na kipande cha Mau. Joto litatoka chini ama juu kuliko lile mtu anahisi pale stendi. Kama una hata mwaka mmoja wa data ya kituo, linganisha, upate tofauti ya wastani, uisahihishe kwa miaka yote.

Hapa sasa ndio kiini cha hii kazi yote, kwa hivyo weka chai kando kidogo. Kenya si mahali pamoja. Kutoka Kisumu mita 1,150 hivi mpaka Nakuru karibu 1,900 ni kupanda mita mia saba na kitu, na hewa inapoa kama digrii 6.5 kwa kila mita elfu, kwa hivyo Nakuru iko chini ya Kisumu kwa digrii kama tano. Ukipanda mpaka Molo, karibu 2,500, hapo usiku mtu analala na jiko la makaa chumbani, hatari kabisa hiyo, lakini ndio ukweli. Siku hiyo hiyo huku Nyalenda, Kisumu, feni inazunguka. Ukichukua wastani wa joto la nchi unapata joto la mahali ambapo hakuna mtu anaishi.

Tufanye hesabu, namba ni za mfano tu nimezibuni. Siku moja Kisumu ni 24.5, Nakuru 19, Eldoret 17.5. Wastani wa haraka haraka ni 20.3. Lakini stima haitumiki sawa, tuseme kati ya hizo tatu Kisumu inakula nusu, Nakuru asilimia 30, Eldoret 20. Wastani wa uzito unakuwa 12.25 jumlisha 5.7 jumlisha 3.5, yaani 21.45. Umeona tayari tumepanda digrii moja na kitu. Sasa msingi wetu wa joto ni 22, ukitumia hiyo 21.45 digrii-siku za joto ni sifuri, kwa hiyo hakuna mtu amewasha feni. Uongo! Kisumu pekee yake ilikuwa na digrii-siku 2.5. Ukihesabu digrii-siku kwa kila mji KWANZA halafu ndio uweke uzito, unapata 2.5 mara 0.5, yaani 1.25 za joto. Na Eldoret nayo ikiwa 17.5 na msingi wa baridi ni 18, ina 0.5 za baridi, mara 0.2 ni 0.1. Kwa hivyo siku moja, eneo moja, kuna joto na baridi pamoja, na wastani wa haraka ungekuambia hakuna chochote.

Ni vile vile kwa siku. Siku moja 26 na nyingine 18, msingi 22, kila siku kivyake unapata 4 na 0, jumla 4. Ukichukua wastani wa hizo siku mbili ni 22, digrii-siku sifuri. Kwa hiyo usichukue joto la wastani la mwezi ukatoa 22 ukafikiri umemaliza. Kila siku, kila kituo, halafu jumlisha, halafu uzito. Hiyo mpangilio usiigeuze.

Uzito utoe wapi? Matumizi ya stima kwa kila eneo yanachapishwa, tumia hayo. Usitumie idadi ya watu peke yake, maana kuna boma nyingi kule mashinani ziko na taa tatu na kuchaji simu, hazina kitu ya kuhisi joto. Nairobi peke yake inachukua zaidi ya theluthi moja ya stima ya nchi kwa hivyo usishangae ukiona hali ya hewa ya Nairobi inatawala, ukipenda usipende. Sisi wa magharibi tumezoea.

Kutafuta msingi sasa. Chora grafu ya vidoti, chini weka joto la siku, juu weka stima ya siku hiyo, siku za kazi tu, toa Jumapili na sikukuu maana Jumapili viwanda vimelala na itakuharibia picha. Angalia mahali vidoti vinaanza kupinda kwenda juu. Hapo ndio kiwiko, hapo ndio msingi wako wa joto. Ukiwa na bahati utaona na mkunjo mwingine upande wa kushoto, wa baridi. Kama macho hayaoni, jaribu msingi wa 20, 21, 22, 23, 24, kila mmoja ufanye hesabu inayofuata, uchukue ule unaoacha makosa madogo zaidi. Wacha niseme ukweli, kwa data ya nchi nzima hicho kiwiko kinaweza kuwa hafifu sana. Kwa duka la dada yangu kilionekana wazi kama pua usoni, juu pale ni friji peke yake.

Halafu rigresheni, jina ni kubwa kuliko kazi yenyewe. Unaambia Excel, stima ya siku ni sawa na kiasi fulani kisichobadilika, jumlisha kitu mara digrii-siku za joto, jumlisha kitu mara digrii-siku za baridi, jumlisha kitu mara namba ya mwezi tangu uanze, hiyo ya mwisho ni ya kushika ukuaji wa kawaida, watu wapya wanaounganishwa kila mwaka. Usipoiweka ukuaji wa miaka utajificha ndani ya joto na utasema jua limeleta kile kilicholetwa na nguzo mpya za stima. Weka pia safu ya Jumapili na sikukuu, 1 kama ni Jumapili ama sikukuu, 0 kama si. Tumia fomula ya LINEST, ama ile Data Analysis ya Excel, inakupa namba kwa kila safu na kosa lake kando, yaani kiasi ambacho hiyo namba inaweza kuyumba. Unahitaji angalau miaka miwili, mitatu ni bora.

Ukipata jibu usikimbie nalo. Kwanza angalia ishara, namba ya joto inafaa kuwa chanya, jua likipanda stima inapanda. Ikitoka hasi kuna kitu kimeingia. Pili, namba ikiwa ndogo kuliko kosa lake mara mbili, itupe, haijathibitika. Si aibu, andika kuwa haijathibitika.

Kuna siku lazima uzitoe kabisa ama uziwekee safu yao. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ililala giza, stima ilishuka na haikuwa sababu ya baridi ya Agosti. Aprili 2020 ilikuwa korona, hoteli na viwanda vimefungwa. Tarehe 9 Agosti 2022 ilikuwa uchaguzi. Hizi siku ukiziacha ndani zitavuta mstari wako kama mtoto anavuta leso ya mama sokoni.

Mtego mwingine ni mvua na jua kutembea pamoja. Mwezi wa pili huku ni joto lakini pia ni kiangazi, mashamba yanapampu maji, na paa zenye sola zinatoa vizuri kwa hivyo wenye viwanda na supamaketi wananunua stima kidogo kutoka kwa gridi mchana. Kwa hiyo joto linaweza kupandisha friji na wakati huo huo sola ikashusha gridi, unapata sifuri na unafikiri joto halina kazi. Dawa yake ni kuangalia saa, kama data ya saa iko. Kilele chetu ni jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, jua limezama, watu wanawasha taa, tivi, wengine wanaoga maji moto. Hicho kilele hakina uhusiano mkubwa na jua la mchana.

Na hiyo ya kuoga msiidharau, ndio joto letu la stima kule juu. Lita moja ya maji ukiipandisha digrii moja unatumia kilojuli 4.19, na yuniti moja ya stima ni kilojuli 3,600. Mtu anaoga lita 20 kwa maji ya digrii 40. Maji ya bomba yakiwa 22, ni kupanda digrii 18, kama yuniti 0.42. Julai Nakuru maji yakija na 18, ni digrii 22, yuniti 0.51. Tofauti ni 0.09 kwa kila mtu kila kuoga, peke yake ni upuzi, zidisha kwa mitaa yote ya Nakuru, Eldoret na Nairobi yenye ile shawa ya papo hapo, asubuhi saa kumi na mbili wote pamoja, ndio utaelewa kwa nini safu ya digrii-siku za baridi isitolewe hata kama hakuna mtu ana hita ya chumba.

Sasa kawaida ni ipi. Shirika la hali ya hewa duniani linatumia miaka 30, ya sasa ni 1991 mpaka 2020. Unachukua kila Februari ya hiyo miaka, unahesabu digrii-siku kwa njia ile ile, kila siku kila kituo na uzito ule ule wa leo, unapata wastani. Shida ni kuwa dunia inazidi kuwa moto, 2024 ndio mwaka wa joto zaidi tangu vipimo vianze, kwa hivyo ukitumia hiyo kawaida ya zamani karibu kila mwezi utaitwa "moto kuliko kawaida" na utakuwa unapunguza kila mwaka. Wengine wanachukua miaka kumi ya karibuni. Mimi kwa kulinganisha mwaka na mwaka napenda 1991 mpaka 2020 juu haisongi, kwa kupanga stima ya mwaka ujao nachukua miaka kumi. Chochote uchague, ukibadilisha rudia miaka yote ya nyuma, usiache nusu kwa kawaida hii na nusu kwa ile.

Tumalize hesabu, tena namba za mfano. Februari ya mwaka huu gridi ilibeba GWh 39.0 (GWh moja ni yuniti milioni moja) kwa siku, mwaka uliopita 37.5. Ukuaji wa macho ni asilimia 4 kamili. Rigresheni imekupa 0.3, yaani kila digrii-siku ya joto inaleta GWh 0.3. Kawaida ya Februari ni digrii-siku 2.0 kwa siku, mwaka huu ilikuwa 2.6, mwaka uliopita 1.8. Mwaka huu joto lilizidi kwa 0.6, mara 0.3 ni 0.18, toa, unabaki na 38.82. Mwaka uliopita lilipungua kwa 0.2, mara 0.3 ni 0.06, ongeza, unapata 37.56. Gawanya, ukuaji ni asilimia 3.4. Kwa hiyo kati ya ile asilimia 4, sehemu ya sita hivi ilikuwa jua. Ona kuwa hatukupunguza stima yote kwa asilimia ya joto, kuna watu wanafanya hivyo, joto limezidi asilimia 30 wanakata matumizi yote asilimia 30, aki jamani! Taa za barabarani hazijui joto, kinu cha posho hakijui joto. Unagusa ile sehemu inayohisi tu.

Na sasa ile ya wateja wa soda. Friji ya dada inakula zaidi siku ya joto kwa sababu mbili, hewa ni moto na biashara ni nzuri. Ukitoa joto, umetoa zote mbili, hata ile ya biashara. Kwa friji moja unaweza kuhesabu kreti, kwa nchi huwezi. Kwa hivyo ukisema "hii ni athari ya joto" unasema kila kitu kinachotembea na joto, pamoja na watu kuamua kukaa kwa baa yenye feni badala ya nyumbani. Sawa tu, ila uijue.

Kuni na makaa ndio naona uchungu nayo. Kawi ya Kenya nyingi, kama theluthi mbili, si stima wala mafuta, ni kuni na makaa, na huko ndiko baridi inakopigwa vita kule Molo, Timboroa, Kericho. Kama kuna kitu kingefaa kutolewa joto ni hicho. Lakini gunia la makaa halina mita, takwimu zake ni makadirio ya utafiti unaofanywa baada ya miaka kadhaa, huwezi kujua Julai walichoma ngapi na Machi ngapi. Kwa hivyo usiitoe joto, iache kama ilivyo, na uandike wazi kuwa umerekebisha stima tu. Nimeona majedwali "ya kawi yote yaliyorekebishwa" na ndani kuni imerekebishwa kwa namba ya stima, hiyo ni kupaka rangi. Gesi ya kupikia pia iache, mtungi ni kama tokeni, unanunuliwa leo unaliwa mwezi na nusu. Kuni za viwanda vya chai Kericho na Nandi zinafuata majani yaliyochumwa, na majani yanafuata mvua, hizo zitafutie safu nyingine siku nyingine.

Ukitoa jedwali lako weka safu mbili kando kando, halisi na iliyorekebishwa, usifiche halisi hata kidogo. Chini yake andika msingi uliotumia, vituo gani na uzito gani, kawaida ya miaka ipi, na ile 0.3 yako pamoja na kosa lake. Mtu akitaka kurudia kazi yako aweze. Na hiyo 0.3 ihesabu upya kila mwaka, maana ukitembea Milimani na Riat hapa Kisumu saa hii unaona masanduku ya eisii, zile mashine za kupoza hewa, ukutani ambayo hayakuwepo juzi, na kule Nakuru maploti mapya yanakuja na shawa ya moto kila nyumba. Mstari wa 2019 hautakutosha leo.

Dada yangu bado anaandika. Kalenda ya mwaka jana iliisha nafasi nyuma akahamia kwa daftari ya kupanga madeni, kwa hivyo saa hii kusoma joto la Kisumu lazima nipitie pia nani anadaiwa mkate. Alibadilisha raba ya mlango wa friji mwezi wa tisa, na kutoka hapo namba zake zimeshuka kidogo hata siku za jua. Hiyo siku nimeiwekea safu yake.